Kodi ya kitanda irudi kwa mgeni anayeilipa

Mfanyabiashara anayetoka Ariwara, upande wa Congo, au Yei, upande wa Sudan Kusini, akilala Arua usiku mmoja, analipa kodi ya hoteli ndani ya bei ya chumba. Kesho yake analipa ushuru sokoni. Kwa hesabu za utalii za kimataifa, mtu huyo ni mtalii, kwa kuwa anayevuka mpaka na kulala huhesabiwa hivyo hata kama safari yake ni ya biashara. Lakini mabaraza yanapozungumzia utalii, macho huelekezwa kwa Mzungu mwenye kamera, naye mgeni ambaye tayari yupo mjini husahaulika.

Kodi hiyo ina historia yake. Uganda ilipositisha kodi ya kichwa mwaka 2005, serikali za mitaa zilibaki mikono mitupu. Mwaka 2008 sheria ilirekebishwa, zikapewa vyanzo viwili vipya: kodi ya huduma za mitaa na kodi ya hoteli. Hata hivyo sehemu kubwa ya bajeti za wilaya na miji bado hutoka Kampala, nayo hufika ikiwa imeshapangiwa kazi: mishahara, shule, zahanati, barabara. Fedha ambazo madiwani wanaweza kuzipangia wenyewe ni zile chache wanazokusanya kwao.

Hapo ndipo Arua na Koboko zinapotofautiana na majirani wenye mbuga. Sheria ya wanyamapori inaelekeza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Pakwach, iliyo jirani na Murchison Falls, ina mlango huo. Jiji la Arua na Manispaa ya Koboko hazina. Utalii wao utajengwa kwa fedha za hoteli na soko, au hautajengwa.

Si kwamba hakuna cha kuonyesha. Koboko ina Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Congo na Sudan Kusini zinakutana. Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mataifa yote matatu yanayogusa eneo hilo ni wanachama. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, lugha moja, ndugu wamoja. Arua nayo ina historia ya Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, kabla ya West Nile kuingizwa Uganda. Kuna tarumbeta za agwara za Walugbara, kuna asali ya West Nile, na kuna lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba. Vinavyokosekana ni vitu vya kawaida ambavyo baraza linaweza kuvisimamia: kibao kinachoeleza, choo safi, taa, mtu wa kuongoza wageni.

Madiwani wana hoja yao. Taka zinarundikana, mifereji inaziba, na Arua iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020 imeongezewa majukumu mengi. Kutenga fedha za utalii huonekana kama kununua mapambo nyumba ikivuja. Ila mgeni anahitaji nini? Anahitaji choo cha stendi kinachofanya kazi, taa barabarani anaposhuka kwenye basi usiku, maji gesti, na mahali salama pa kuacha mzigo. Hayo ndiyo anayohitaji mama muuza samaki wa Arua pia. Shilingi itakayotumika hapo itawahudumia wote wawili.

Kwa hiyo mabaraza yaanze na hatua ndogo. Kwanza, kodi ya hoteli iwe na fungu lake kwenye bajeti, isichanganywe na mapato mengine hadi ipotee. Pili, kila robo mwaka libandikwe tangazo sokoni na stendi, kwa Kiswahili na Kilugbara, na Koboko kwa Kikakwa, likisema kiasi kilichokusanywa na kilichofanyika. Tatu, Arua na Koboko zipange pamoja, kwa sababu mgeni anayekwenda Salia Musala mara nyingi atakuwa amelala Arua. Viza ya pamoja ya utalii, iliyoanza mwaka 2014 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, ni kazi ya marais na mawaziri kuipanua. Choo cha stendi hakihitaji mkutano wa marais.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayelipa na adai risiti, kwa kuwa fedha isiyo na risiti haifiki kwenye bajeti. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai, lakini mikutano ya bajeti hufanyika miezi kadhaa kabla. Vyama vya wachuuzi, wenye magari na wenye hoteli vipeleke madai yao huko, tena kwa maandishi. Mfanyabiashara wa Ariwara au Yei hapigi kura Arua, hivyo hana diwani wa kumsemea. Mwenzake wa Uganda anayeuza na kununua naye kila juma anaweza kusema kwa niaba yake. Mgeni akiona anatozwa bila kuhudumiwa, hataandika malalamiko. Atatafuta soko lingine.