Kabla ya Tiketi, Ulizia Chumba

Mtoto akipata nafasi ya kusoma ng'ambo nyumba nzima hufurahi. Majirani huja kutoa pongezi, na papo hapo tunaanza kuhesabu: viza, tiketi ya ndege, koti la baridi. Lakini jambo moja huachwa hadi wiki ya mwisho, nalo ni hili: mtoto atalala wapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya Ujerumani. Vijana wetu wengi huvutwa huko kwa sababu vyuo vikuu vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Wazazi wakisikia hakuna ada, hudhani mzigo umekwisha. La hasha! Mzigo mkubwa huko ni kodi ya chumba.

Tuanze na fedha. Ili kupata viza, mwanafunzi asiye na ufadhili huwekewa fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904. Hapo ndipo wazazi huuza kiwanja na kusema tumemaliza. Lakini fedha hizo hazitolewi zote kwa pamoja. Mtoto hupewa yuro 992 kila mwezi, na huanza kupewa baada ya kufika na kukamilisha taratibu za benki. Kwa hiyo kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwenye nyumba lazima zitoke pembeni. Mama, ziweke kando mapema.

Sasa, chumba ni bei gani? Hutegemea mji. Mwaka 2024, chumba katika nyumba ya kushirikiana kilikuwa karibu yuro 490 kwa mwezi kwa wastani wa nchi nzima, lakini München kilikaribia 800. Katika miji kama Chemnitz bei ni nafuu zaidi. Ikiwa mtoto amekubaliwa na vyuo viwili, basi linganisheni kodi za miji hiyo miwili kabla ya kujibu barua.

Njia ya kwanza ya kupata nafuu ni hosteli za Studierendenwerk, yaani shirika la huduma za wanafunzi lililopo katika kila eneo lenye vyuo. Mwaka 2024 wastani wa kodi yao ulikuwa takriban yuro 300, pamoja na maji, umeme na joto. Shida ni foleni, ambayo katika miji mikubwa huweza kuchukua miezi mingi. Mtoto aombe mara tu anapopata barua ya chuo, na pale wanaporuhusu, aombe hata kabla ya barua. Jumuiya za wanafunzi Wakristo nazo zina hosteli katika baadhi ya miji. Aziulizie pia.

Njia ya pili ni nyumba ya kushirikiana, ambayo wenyewe huiita WG. Kila mmoja ana chumba chake, ila jiko na bafu ni vya wote. Wenyeji humhoji mgeni kabla ya kumpokea, na kazi za usafi huwa za zamu. Kwa hiyo, mama, mfundishe mwanao wa kiume kupika na kusugua choo akiwa bado kwako.

Njia ya tatu wengi hawaijui. Ni mpango ulioanza mjini Darmstadt mwaka 1992, na sasa upo katika miji kadhaa. Mwanafunzi huishi na mzee au familia yenye nafasi, na badala ya kodi husaidia kazi za nyumbani: kwenda sokoni, kufyeka bustani, kumsindikiza mzee. Kawaida yake ni saa moja ya kazi kwa mwezi kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 15 ni saa 15. Maji, umeme na joto hulipiwa. Kuuguza hakumo katika mpango huu. Nasema hivyo kwa kuwa mabinti zetu ni wepesi wa huruma, na wanaweza kujikuta wamebebeshwa kazi ya muuguzi bila mshahara.

Mkataba ukifika, tazameni maneno mawili. Kaltmiete ni kodi ya chumba kitupu, bila joto na maji. Warmmiete ni pamoja na hayo, na ndiyo hesabu ya kulinganisha. Amana huitwa Kaution. Kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, si ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanavyodai.

Hapa ndipo matapeli hutuponza, maana tumezoea kulipa mapema. Tapeli huweka picha za chumba kizuri cha bei ya chini, husema yeye yuko nchi nyingine, kisha hutaka fedha zitumwe ndipo atume ufunguo. Msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Asilipwe mtu kabla chumba hakijaonwa kwa macho, na mtoto mwenyewe au mtu mnayemwamini aliye mjini humo. Kwa majuma ya kwanza ni heri apange kwa muda chumba cha mwanafunzi aliyesafiri, huku akitafuta cha kudumu.

Mtoto akihamia, anatakiwa ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia. Mwenye nyumba anayekataa kutoa karatasi hiyo aepukwe.

Mwisho, neno la muuguzi. Chumba cha bei rahisi chenye kuvu ukutani si rahisi, hasa kwa mtoto mwenye pumu. Wakati wa baridi watoto wetu hufunga madirisha siku nzima na kuanika nguo ndani, unyevu ukajaa, kuvu ikaota. Dirisha lifunguliwe wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku, kisha lifungwe.

Basi mama, kabla hamjakata tiketi, keti na mtoto na baba yake mezani. Andikeni mambo matatu: ameomba hosteli zipi, fedha za mwezi wa kwanza na amana ziko wapi, na usiku wa kwanza atafikia kwa nani. Palipo wazi, anzeni hapo.