Uganda: Askari Hewa na Helikopta Zisizoruka

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vina washindi wasioshika bunduki. Ni wale wanaonunua silaha, wanaotunza bohari na wanaoandika orodha ya mishahara. Jirani zetu wa Uganda walilionja jambo hili wakati wa vita vya kaskazini dhidi ya jeshi la Joseph Kony.

Mwaka 1998 ziliwasili Uganda helikopta mbili za kivita zilizonunuliwa Belarusi. Hazikufaa kuruka. Jenerali Salim Saleh, mdogo wake Rais Museveni na mshauri wake wa ulinzi, alikiri kuwa aliahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Alijiuzulu mwaka huo huo. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilichunguza, lakini Saleh hakushtakiwa. Mwaka 2006 akawa Waziri wa Nchi.

Tena kulikuwa na askari hewa. Askari amekufa au ametoroka, jina lake linabaki kwenye orodha, na mshahara wake unachukuliwa na mkubwa. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani James Kazini, aliyewahi kuwa Kamanda wa Jeshi, kwa hasara iliyotokana na majina hayo.

Hasara hiyo si ya fedha peke yake. Kaskazini watu zaidi ya milioni moja walikuwa wakiishi kambini, wakitegemea kulindwa na jeshi. Jina lililo kwenye karatasi halilindi kambi usiku.

Wako watakaosema kuwa hesabu za jeshi ni siri ya vita. Hatukubali. Mahali kikosi kilipo ni siri. Lakini adui hafaidiki na lolote mkaguzi akihesabu vichwa siku ya mshahara. Siri hiyo humficha mwizi, na mwizi mwenye jamaa Ikulu hana haja ya kuogopa. Vita vikiendelea, zabuni zinaendelea. Je, mtu wa namna hiyo atamshauri Rais atafute amani?

Kiwandani, mtunza bohari haruhusiwi kununua, kupokea na kukagua peke yake. Basi kanuni hiyo itumike jeshini pia. Wanaolipa ni wakulima na wafanyakazi kwa kodi zao. Vyama vyetu katika nchi zote jirani vidai Bunge na Mkaguzi Mkuu wafunguliwe madaftari ya ulinzi. Mali bila daftari hupotea bila habari.