Air Congo: ndege zimekuja, watu wake wako wapi?

Tangu Desemba 2024, jina la Air Congo limerudi angani. Wazee wa Kisangani, Bukavu na Lubumbashi wanalijua vizuri, kwa sababu kampuni ya kwanza ya ndege ya Kongo huru, iliyoundwa mwaka wa 1961, iliitwa vile vile. Kampuni mpya ina wenyewe wawili: serkali ya Kongo ina hisa 51 kwa mia, na Ethiopian Airlines ina 49 kwa mia. Ilianza kazi na ndege mbili za aina ya Boeing 737.

Mazungumzo mengi yanahusu ndege: ziko ngapi, zitaongezwa lini, zitatua katika miji gani, tikiti ni bei gani. Ni maswali ya haki, zaidi katika inchi ambamo barabara ya kutoka mashariki kufika Kinshasa haiko. Lakini kuna swali lingine ambalo wakubwa hawaulizwi sana. Baada ya miaka kumi, ni nani atakuwa amekaa mbele ndani ya ndege hizo? Nani atafungua motere zake usiku wakati abiria wamelala? Nani atatia sahihi kusema kwamba ndege iko tayari kuruka? Kama jibu si Wakongomani, hata hizo 51 kwa mia zitabaki maandishi tu juu ya karatasi.

Ndege inapatikana haraka. Serkali ikiwa na pesa, au rafiki mwenye kuiamini, inaweza kukodi ndege na kuipaka rangi za bendera katika muda wa miezi. Mtu hapatikani hivyo. Kwa kanuni za kimataifa, rubani anapaswa kufikisha saa 1500 angani mbele ya kupata leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu kuwa mkuu wa ndege kubwa ya abiria. Saa hizo zinakusanywa kwa miaka, akiwa amekaa upande wa kuume wa mkubwa wake. Baada ya hapo anarudi mara kwa mara katika mashine ya kuigiza ndege, anapimwa upya, na akishindwa harushi. Fundi wa ndege naye anasoma miaka, kisha anafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni mpaka naye aruhusiwe kutia sahihi. Kwa hiyo, marubani ambao Air Congo itawahitaji mwaka wa 2035 wanapaswa kuwa wameisha kuanza masomo, ao wayaanze karibuni.

Historia ya Kongo yenyewe inaonyesha hasara ya kusahau jambo hilo. Air Congo ya kwanza ilianza na mkono wa Sabena ya Ubelgiji, iliyokuwa na hisa ndani yake na iliyoleta watu wa kazi. Mwaka wa 1971 ikageuka Air Zaïre. Ilifika mahali pakubwa: marubani wa inchi walifundishwa, na kampuni ilinunua hata DC-10 za kuvuka bahari. Lakini uongozi ukachanganya kazi ya ndege na mambo ya siasa. Ndege za kampuni zilitumwa katika safari za wakubwa, deni zikapanda, na mwaka wa 1995 kampuni ikatangazwa kuwa imefilisika. Ndege ziliuzwa ao zikaoza viwanjani. Hasara iliyozungumziwa kidogo zaidi ni ya watu: ujuzi wa miaka zaidi ya 30 ulitawanyika, wengine wakaenda kutafuta kazi inchi za nje, wengine wakazeeka bila kupata kijana wa kuachia kazi yao.

Kisha ikaja Congo Airways, iliyoanza kuruka mwaka wa 2015 na ndege za Airbus A320. Watu waliifurahia. Miaka michache baadaye ilikuwa inapambana na ukosefu wa ndege, na wafanyakazi wake wakilia mishahara. Vijana waliofundishwa kwa gharama ya inchi walijikuta nyumbani. Rubani asiyeruka anapoteza zaidi ya mshahara, maana leseni inaanza kuchacha: vipimo vinapita tarehe, na kuirudisha kunadai pesa ambazo hana.

Mshirika wa leo, Ethiopian Airlines, ana historia ambayo Kongo inapaswa kuisoma kwa makini kuliko kuhesabu ndege zake. Kampuni hiyo iliundwa mwisho wa mwaka wa 1945, na ndege yake ya kwanza ilienda Cairo mwaka wa 1946. Ethiopia haikuwa na rubani wa ndege za abiria. Ilifanya mapatano na kampuni ya Marekani, TWA, ambayo ilileta marubani, mafundi na hata mkurugenzi. Hali ilifanana na ile ya Air Congo leo. Tofauti ni kwamba Ethiopia ilichukua mapatano hayo kama shule. Mwaka wa 1957, Alemayehu Abebe akawa Muethiopia wa kwanza kuongoza ndege ya kampuni hiyo kama rubani mkuu. Mwaka wa 1971 mkurugenzi wa kwanza Muethiopia akakaa kwenye kiti. Ilichukua miaka 25 hivi, bila haraka ya kuonyesha bendera, lakini bila kusahau safari inaelekea wapi.

Katika muda huo Ethiopia ilijenga chuo chake cha marubani na mafundi huko Addis-Abeba, chuo ambacho leo kinapokea vijana wa inchi nyingi za Afrika. Na ilishika desturi nyingine yenye maana: kupandisha watu kutoka ndani. Tewolde GebreMariam, aliyeongoza kampuni kutoka 2011 mpaka 2022, aliingia humo miaka ya 1980 kama mfanyakazi wa chini. Mesfin Tasew aliyemfuata aliingia mwaka wa 1984 akiwa injinia kijana. Kijana anayefunga boluti katika hangari anaona kwa macho yake kwamba mkubwa wake alipita njia hiyo hiyo, na kwamba njia haikufungwa nyuma yake.

Katika Kongo, wengi wanajua namna nyingine ya kupata kazi. Mtu anaingia kwa sababu ya ndugu, ya chama ao ya jimbo alikotoka. Katika ofisi nyingine za serkali, uzito wa desturi hiyo unaonekana pole pole: foleni ndefu, karatasi zinapotea. Katika ndege hauonekani mpaka siku moja. Wakaaji wa Goma hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa uwanja na kuingia katika mtaa wa Birere. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka juu ya nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Kila ajali ina sababu zake, na haifai kuwahukumu waliokufa. Lakini kila mara mnyororo wa usalama umeundwa na watu: aliyerusha, aliyetengeneza, aliyepakia mizigo, aliyekagua, aliyeruhusu.

Kufundisha peke yake hakutoshi. Kenya Airways ina marubani wenye uzoefu mkubwa, na imefanya kazi na KLM ya Uholanzi kwa muda mrefu. Hata hivyo, mwanzoni mwa Novemba 2022, marubani wake waligoma kwa siku kadhaa, wakidai kati ya mambo mengine michango ya akiba yao ya uzeeni. Safari zikakatwa, abiria wakalala viwanjani, kesi ikafika mahakamani. Kila upande ulikuwa na maneno yake. Fundisho kwa Kongo ni kwamba kampuni inaweza kuwa na watu wenye ujuzi na bado ikasimama, kama mazungumzo kati ya wakubwa na sendika yamekufa. Na makampuni ya Ghuba, Dubai na Doha, hayalali. Rubani ao fundi mwenye uzoefu, asiyelipwa vizuri ao asiyeheshimiwa, anajua mahali pa kutuma barua.

Kuna pia jambo la kusikilizana ndani ya kazi yenyewe. Tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye uwanja wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa moja ya ndege hizo alikuwa mwalimu mwenye jina kubwa katika kampuni yake. Alipoanza kukimbia ili aruke, fundi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama ndege ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Mkubwa akajibu kwamba imetoka, na hakuna aliyesisitiza. Kutoka misiba ya namna hiyo, ulimwengu wa ndege ulijifunza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Katika inchi ambamo « ndiyo, chef » ni jibu la kwanza katika kila ofisi, somo hilo linadai kazi zaidi kuliko kusoma vitabu vya motere. Fundi kijana anayekataa kutia sahihi kwa sababu ameona ufa anapaswa kulindwa na kampuni. Akifukuzwa, wote waliobaki watajifunza kunyamaza.

Vivyo hivyo kwa upande wa serkali. Makampuni ya ndege yenye kibali cha Kongo yamekatazwa kuruka Ulaya tangu mwaka wa 2006. Wengi wanafikiri ni kwa sababu ya ndege kuukuu tu. Lakini katazo hilo linagusa makampuni yote yanayokaguliwa na mamlaka ya Kongo, hata yenye ndege nzuri, maana Ulaya inatazama kwanza uwezo wa mamlaka hiyo kukagua. Hapo pia kazi ni ya watu: wakaguzi wenye elimu sawa na ya wale wanaowakagua, wenye mshahara unaowawezesha kukataa bahasha, na wenye nguvu ya kusimamisha ndege hata kama mwenyewe ni rafiki wa waziri.

Wengine watajibu kwamba inchi iko vitani, na kwamba pesa za kufundisha marubani haziko. Gharama ni kubwa, ni kweli. Masomo ya rubani mmoja yanaweza kupita dolari elfu 50, na mzazi wa Uvira, Kindu ao Butembo hawezi kuzipata. Ndiyo maana kazi hiyo isiachiwe wazazi. Ikiachwa hivyo, viti vya mbele vitakaliwa na watoto wa wenye mali tu. Wengine watasema kwamba kijana akifundishwa atakimbilia Ghuba. Dawa yake inajulikana: mkataba wa miaka fulani ya kutumikia kampuni, mshahara unaofika tarehe yake, na njia ya kupanda cheo inayoonekana.

Wala hakuna anayeomba kwamba Waethiopia waondolewe kesho na Wakongomani wasiokomaa wawekwe mahali pao. Abiria anataka kwanza kufika. Lakini Waswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Rubani wa kuazima anarusha ndege vizuri, ila siku mapatano yakivunjika anarudi kwao na ujuzi wake.

Kwa hiyo serkali, yenye 51 kwa mia, ina haki na wajibu wa kudai mambo manne, na kuyatangaza mbele ya wanainchi. Kwanza, hesabu ya Wakongomani watakaofundishwa kila mwaka, marubani, mafundi na wahudumu, pamoja na tarehe ambayo nafasi za wakuu zitaanza kupita mikononi mwao. Pili, mtihani wa wazi, unaofanyika katika miji ya majimbo na si Kinshasa peke yake, na matokeo yanayobandikwa ukutani. Tatu, sanduku la masomo na mishahara lisiloguswa kwa safari za wakubwa. Nne, ripoti ya kila mwaka mbele ya bunge: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi wameacha kazi na kwa sababu gani.

Mashariki ina sababu yake ya kufuata jambo hili kwa karibu. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025 kwa sababu ya vita, na ule wa Kavumu ukaingia katika vita hiyo hiyo mwezi uliofuata. Siku amani itakapoifungua njia ya angani kikamilifu, mgonjwa wa Bukavu na mchuuzi wa Goma watahitaji ndege zinazotua salama. Ndege hizo zinaweza kukodiwa mwaka ule ule. Lakini rubani anayeijua miinuko ya Kivu na mvua zake, na fundi wa kuzitengeneza pale pale, wanaweza kuwa leo wamekaa darasani katika shule ya sekondari ya Uvira ao Beni, wakingoja kusikia kama mtihani utafika kwao.