Daktari wa makaratasi naye ni daktari

Najua nimepotea, nilikuwa nyumbani Kiranjeranje, na huko mtandao ni wa kuvizia. Sasa nimerudi hosteli, ila kuna jambo nimetoka nalo nyumbani na linanisumbua.

Binti wa mjomba wangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Jioni moja tumekaa barazani akasema anataka udaktari, lakini wa utafiti wa chanjo. Mjomba akaniangalia: "Mjomba, mwambie mwenzio. Daktari wa makaratasi atamtibu nani? Mtoto akishikwa na degedege hapa tunamkimbiza zahanati, hatumkimbizi kwenye kompyuta." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, jamani. Najuta.

Ngoja nijibu leo nilichoshindwa kujibu siku ile. Kuna daktari Mtanzania anaitwa Salim Abdulla, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Afya Ifakara. Alianza na utafiti wa vyandarua vyenye dawa, akaja kwenye chanjo ya malaria. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya majaribio aliyoyaongoza Bagamoyo, watoto wachanga 340. Kuanzia 2009 chanjo ileile, RTS,S, ikajaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe.

Kazi yenyewe sasa. Unamweleza mama kila kitu mpaka aelewe, na akikataa unamwacha aende zake. Watoto wengine wanapewa chanjo isiyo ya malaria, na daktari anayewapima hajui nani kapata ipi, asije akapendelea. Halafu unahesabu kwa miaka. Hayo ndiyo makaratasi!

Majibu yalipotoka hayakuwa ya kutamba. Waliochanjwa dozi nne kuanzia miezi 5 hadi 17, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, asilimia 26 tu. Wangeweza kuificha hiyo ndogo. Hawakuificha, na Shirika la Afya Duniani lilipoikubali chanjo Oktoba 2021 lilisema ianze kutolewa kuanzia miezi 5. Yaani namba ile ndogo nayo imewafaa watoto.

Mganga wa zahanati anamtibu mtoto aliyeletwa. Huyu mwingine anamtibu ambaye hajaletwa, pengine hata hajazaliwa. Mjomba, tunawahitaji wote wawili.

Na sisi walimu watarajiwa tusijivue. Darasani tunaandikisha "chanjo iligunduliwa", basi, tunapita. Hatusemi ni nani alikubali mwanawe achomwe sindano ya kwanza, wala aliulizwaje. Ndiyo maana wakija watu kuchukua damu tunakimbia tukidhani mumiani.

Dada yangu, jaza fomu. Mjomba nitaongea naye mimi, likizo ijayo, msimu wa ufuta, akiwa na furaha.

Wewe msomaji, kwenu wangesemaje? Tupo pamoja.