Bastola Inapokwama: Madai Saba Yanayowaponza Wamiliki wa Silaha Kanda ya Ziwa

Biashara nyingi za Mwanza bado huendeshwa kwa fedha taslimu. Samaki na dagaa hununuliwa kwa noti mkononi, dhahabu ya Geita hupita mikononi mwa watu wengi, na vituo vya mafuta huhesabu mauzo yao usiku. Ndiyo maana wapo wafanyabiashara wa kanda hii walioomba leseni ya bastola na kupewa, na wapo walinzi wanaokabidhiwa silaha kila zamu.

Kupewa leseni hakumfanyi mtu aijue silaha yake. Bastola ikigoma, wengi hukimbilia maneno ya kijiweni, na baadhi ya maneno hayo yanaweza kumkata mtu vidole, kumtoa jicho au kumfikisha mahakamani. Ninayajibu hapa madai saba yanayorudiwa mara kwa mara. Msimamo wangu ni mmoja: hitilafu nyingi za bastola zina chanzo kinachoonekana, na kile usichoweza kukiona ni kazi ya fundi mwenye kibali peke yake.

Dai la 1: "Bastola ikikwama, basi yenyewe ni mbovu."

Bastola ya magazini hufanya kazi nne kwa mfuatano. Huingiza risasi kwenye chemba, huifyatua, hulivuta ganda tupu na kulitupa nje, kisha huingiza risasi nyingine. Kukwama maana yake ni kwamba mojawapo ya hatua hizo imekatika, na hatua iliyokatika ndiyo inayotaja chanzo.

Risasi ikigonga ukingo wa chemba bila kuingia, anza kuishuku magazini. Huenda iliangushwa sakafuni midomo yake ikapinda, au springi yake imechoka. Ganda tupu likibaki ndani ya chemba, chunguza ile kucha ndogo ya chuma inayolivuta. Huenda imejaa masizi au imemeguka. Ganda likibanwa na slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila unapopiga, likiwa limesimama wima, sababu za kawaida ni uchafu, risasi hafifu, au mkono uliolegea. Bastola nyingi huhitaji mshiko imara ili slaidi irudi nyuma safari yake yote. Na pini ya kufyatulia ikigonga bila mlipuko, kuna mambo matatu ya kuangalia: kiwashio kilichomo kitakoni mwa ganda, springi iliyodhoofika, na grisi iliyoganda katika njia ya pini.

Kwa hiyo usiihukumu bastola kabla ya kuandika. Zitie magazini zako alama ya rangi, ya kwanza na ya pili. Unapolenga shabaha mahali panaporuhusiwa, andika ulitumia magazini ipi, risasi za aina gani, na ganda lilibaki wapi. Tatizo likijitokeza kwa magazini ya pili tu, mbovu ni magazini, na magazini hubadilishwa bila kuigusa bastola yenyewe. Daftari hilo ndilo litakalomsaidia fundi kuliko maelezo ya "inagomagoma tu".

Dai la 2: "Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi. Chuma kilichofungiwa kabatini hakiliwi na kutu."

Chumvi huharakisha kutu, lakini kutu haiisubiri. Inachohitaji ni chuma, maji na oksijeni, na hewa ya pwani ya Ziwa Victoria ina maji ya kutosha, hasa katika miezi ya mvua. Chumvi nayo haikosekani, kwa sababu imo katika jasho la mtu anayevaa bastola kiunoni kutwa nzima kwenye joto.

Kuna mtego mwingine wa ofisini. Bastola iliyopoa ndani ya chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla kwenye hewa yenye unyevu, matone madogo hujitengeneza juu ya chuma, na mengine hujificha mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ala ya ngozi huongeza tatizo, maana ngozi hushika unyevu na mabaki ya dawa zilizotumika kuitengeneza. Ala ni ya kubebea; anayeitumia kuhifadhia bastola miezi mingi ataikuta na madoa ya kutu upande uliogusana na ngozi.

Kukaa bila kutumika nako kuna gharama. Mafuta ya zamani hukauka yakawa gundi, na risasi zilizopatwa na unyevu hupoteza nguvu. Weka silaha ndani ya sefu kavu, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe vinapochoka. Kila mwezi toa magazini, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha uifute na kuikagua.

Dai la 3: "Dawa ya bastola ni mafuta mengi."

Mafuta mengi hukamata vumbi na masizi yakawa tope linalosaga chuma. Yakichuruzika hadi kwenye risasi, yanaweza kupenya na kuua kiwashio. Mafuta ya kupikia huganda, na oili chafu ya gari huja na vipande vya chuma vya injini ilimotoka. Tumia mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya silaha, matone machache tu kwenye reli za slaidi na sehemu zinazosuguana. Ndani ya mtutu na chemba pafutwe pakauke kabla ya kupiga.

Dai la 4: "Milimita 9 ni milimita 9. Risasi yoyote ya tisa inaingia."

Dai hili huwaponza hasa wanaorithi au kununua bastola bila maelezo. Risasi zinazoitwa za milimita 9 zipo za aina kadhaa, na tatu ndizo zinazochanganywa zaidi. Ipo yenye ganda la urefu wa milimita 17, iliyobuniwa na John Browning na ambayo kwa wengine hujulikana kama .380. Ipo ya milimita 18, ya bastola ya Makarov iliyopokewa na jeshi la Umoja wa Kisovieti mwaka 1951. Na ipo ya milimita 19, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote.

Si urefu tu unaotofautiana. Kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha milimita 9.27, na kile cha Luger ni milimita 9.01. Ukilazimisha kilicho kinene kwenye mtutu mwembamba, presha hupanda kuliko bastola ilivyojengwa kuhimili. Ukiweka iliyo fupi kwenye chemba ndefu, inaweza kuzama ikagoma, au ikafyatuka na kulipasua ganda. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha soma boksi la risasi. Yasipolingana neno kwa neno na namba kwa namba, risasi hizo si zako.

Dai la 5: "Ikigoma, koki haraka upige tena."

Kati ya madai yote saba, hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kweli, askari hufundishwa kukoki upya kwa kasi anapokuwa vitani, kwa sababu pale kuchelewa kuna hatari yake. Anayefanya mazoezi ya shabaha hana sababu hiyo.

Ukivuta kifyatulio pasitokee kitu, usiusogeze mtutu. Uendelee kuelekea mahali salama kwa angalau sekunde 30, kwa sababu kiwashio kinaweza kuwaka kwa kuchelewa. Baada ya hapo toa magazini, kisha risasi.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni mlio mdogo usio wa kawaida, wenye msukumo hafifu mkononi, na pengine slaidi isiyorudi nyuma. Mara nyingi risasi hiyo ilikuwa na baruti pungufu, au haikuwa nayo kabisa, na nguvu ya kiwashio peke yake imekisukuma kichwa chake hadi katikati ya mtutu kikabaki humo. Anayekoki na kupiga tena anaifyatua risasi yenye nguvu kamili kwenye mtutu ulioziba. Mtutu unaweza kuvimba au kupasuka, na vipande vyake humrukia mpigaji na waliosimama kando yake.

Kwa hiyo mlio ukibadilika, simama hapo hapo. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, na silaha isitumike mpaka mtutu ukaguliwe na kuonekana mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Kilichokwama kisitolewe kwa nyundo na msumari wa nyumbani, kwani msumari huchubua mistari ya ndani ya mtutu. Hapo pana kazi ya fundi.

Dai la 6: "Fundi chuma hodari, hasa aliyezoea magobore, hashindwi na bastola."

Ufundi wa chuma wa kanda hii ni wa kuheshimiwa. Warongo wa Uzinza na Geita waliyeyusha chuma kwa mivukuto vizazi vingi kabla ya viwanda, na leo Mwanza ina wachomeleaji na mafundi wa mashine za boti wanaojua kazi yao. Lakini heshima hiyo isitumike kumpa mtu kazi isiyo yake.

Gobore hutumia baruti nyeusi inayozaa presha ndogo, na kulitengeneza bila kibali ni kosa la jinai. Risasi ya bastola ya 9 kwa 19, ile ya Luger, inaruhusiwa kufikia presha ya bar 2,350, zaidi ya mara 1,000 ya upepo wa tairi la gari dogo. Chuma kinachoizuia presha hiyo isimfikie mpigaji kimepikwa kwa joto lililopimwa hadi kikafikia ugumu fulani. Moto wa kuchomelea unapopita juu ya slaidi yenye ufa huondoa ugumu huo, hata kama kiungo kinaonekana laini na kizuri.

Hatari nyingine ni tupa. Wapo wanaoomba kifyatulio kilainishwe, na fundi asiyejua huanza kukwangua meno yanayoizuia nyundo. Ugumu wa meno hayo unaweza kuwa wa juujuu tu. Ukiondolewa, hulika haraka, na bastola inaweza kufyatuka yenyewe ikianguka sakafuni. Springi nazo hukatwa na kuvutwa kwa makadirio, ilhali kila bastola ina springi ya nguvu yake. Bastola iliyokarabatiwa hivyo inaweza kupiga vizuri wiki mbili, na mwenye nayo akasifu kazi. Madhara huja baadaye, na huenda yakampata mtoto aliyelala chumba cha pili.

Dai la 7: "Fundi mzuri ni yule asiyeuliza maswali."

Fundi asiyeuliza maswali ndiye wa kukimbiwa. Leseni ya silaha humtaja mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake. Kumwachia mtu asiye na kibali silaha hiyo ni kuihamishia mikononi mwa asiyeruhusiwa kuwa nayo, hata kama ni kwa usiku mmoja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, ipo kwa sababu hiyo. Na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi zetu ziwekee silaha alama na kutunza kumbukumbu zake.

Sababu yenyewe tunaijua sisi wa kandokando ya ziwa. Wavuvi wamekuwa wakivamiwa majini na watu wenye silaha wakaporwa mashine za boti na nyavu. Bastola iliyolala kwa mtu usiyemjua vizuri inaweza kutoka usiku ikarudi asubuhi. Ganda likiokotwa mahali pa tukio na likalingana na silaha yako, wewe ndiye utakayeitwa kwanza.

Basi wasikilize mafundi wawili. Wa kwanza anasema: "Niachie, mzee, kesho utaikuta tayari." Wa pili anasema: "Shikamoo, mzee. Naomba kwanza nione leseni yako." Huyo wa pili ana mwanzo mzuri, na una haki ya kumwomba naye akuonyeshe kibali chake. Kisha tazama anavyofanya. Je, ametoa magazini na kukagua chemba kabla ya jambo lingine lolote? Je, ameandika namba ya silaha na hitilafu uliyoieleza? Je, anakutajia tatizo na bei kabla ya kufungua, anatumia kipuri cha muundo huohuo wa bastola, anakurudishia kile cha zamani, na anaijaribu silaha mahali panaporuhusiwa kabla ya kukukabidhi na risiti?

Kipimo kikubwa zaidi ni yale anayoyakataa. Fundi wa kuaminika hakati mtutu, haondoi kizuizi cha usalama, hagusi namba iliyochongwa, na bastola iliyokwisha kabisa anakuambia imekwisha, ingawa angeweza kukuuzia matumaini.

Pa kuanzia ni kwa muuzaji mwenye leseni aliyekuuzia silaha, au ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Ikibidi bastola ipelekwe nje ya mkoa, waulize polisi utaratibu wa kuisafirisha kabla hujaitia kwenye begi.

Wajibu si wa mmiliki peke yake. Mtu aliyepewa leseni na serikali anastahili kuambiwa na serikali hiyohiyo ni nani anayeruhusiwa kumtengenezea silaha. Polisi wa mikoa ya Kanda ya Ziwa wabandike vituoni orodha ya mafundi silaha wenye kibali, pamoja na utaratibu wa kuwafikia, na wauzaji wa silaha wamkabidhi kila mnunuzi orodha hiyo pamoja na risiti. Kampuni za ulinzi nazo zianze kukagua silaha kwa ratiba iliyoandikwa, maana mlinzi wa usiku hana nafasi ya kuchagua bastola anayokabidhiwa. Na wewe mwenye bastola iliyogoma mara moja bila sababu kujulikana, itoe risasi leo, ifungie, na usiibebe tena mpaka fundi mwenye kibali aikague na kukuandikia alichokikuta.