Acha Kumuuliza "Umekuwa Namba Ngapi?"
Wasee, shule zimefungwa. Jana mdogo wangu alirudi hapa Tena na ripoti, na swali la kwanza la mathe likawa: "Umekuwa namba ngapi?" Namba hakuna. Ripoti ya CBC inakuambia mtoto amezidi matarajio, amefikia, anakaribia ama yuko chini. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, lakini bado iko kwa vichwa vyetu.

Hesabu: "anakaribia." Mathe akanuna. Mimi nikamtuma dukani na mia tatu, chenji akaleta sawa. Nikamuuliza, mandazi 12, watu 3, kila mtu ngapi? Akakwama. Kumbe shida ni kugawanya tu! Likizo hii tunaanzia hapo. "Namba 20" ingenionyesha hiyo? Ripoti ya mdogo wako umeisoma, ama umeicheka tu?