Presha imeshuka, mgonjwa je?

Chukulia mama wa Kwamsisi, iwe ile ya Handeni au ya Korogwe mjini, anayehudhuria kliniki ya presha kila mwezi. Kipimo kinasoma 130 kwa 80, kadi inaandikwa "anaendelea vizuri", anapewa dawa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama miguu imevimba kwa sababu ya amlodipini, kama jembe bado analishika, au kama usiku anapata usingizi. Mwezi unaofuata anaacha dawa kimyakimya, ilhali ingeweza kubadilishwa.

Ipo njia ya kuyajua hayo mapema: dodoso la ubora wa maisha, ambalo mgonjwa mwenyewe ndiye anayejibu. EQ-5D, mojawapo ya yanayotumika sana duniani na lenye toleo la Kiswahili, linauliza mambo matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha unaonyesha afya yako ya leo kwenye mstari wa 0 hadi 100. Ni dakika chache. Sioni kwa nini kliniki zetu zisilitumie.

Ila tusiyabebe madodoso haya kama yalivyo. SF-36, refu zaidi, lililotungwa Marekani, kwa Kiingereza chake linauliza kama unaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Gofu, Kwamsisi! Watafiti waliolitafsiri kwa Kiswahili na kulijaribu Dar es Salaam, wakachapisha matokeo mwaka 1999, walifanya kazi ya maana, lakini Dar es Salaam si Handeni. Huku uliza kubeba ndoo ya maji, kupalilia mahindi, kwenda mnadani kwa miguu. Na swali likibadilishwa, lijaribiwe upya kwa wenyeji, wakiwemo wazee wanaozungumza zaidi Kizigua au Kisambaa, la sivyo namba zake hazina maana.

Kikwazo kikubwa zaidi ni adabu yetu. Mtu ana homa, ukimwuliza hujambo atakujibu sijambo. Mbele ya nesi aliyemhudumia atasema yuko vizuri, asije akaonekana hana shukrani. Kwa hiyo asiyesoma asomewe na mtu mwingine, si yule anayempa dawa, wala si mbele ya foleni nzima. Na aulizwe kwa siku: wiki hii ni siku ngapi umeshindwa kwenda shamba? Jibu liandikwe kwenye kadi ileile, chini ya presha, tabibu alisome kabla hajaandika dawa nyingine.